Baada ya Saba

Fomu imelala mezani tangu Jumatatu,
karibu na siagi, ina doa la jamu pembeni.
Miraba mitatu: Kifaransa, Kilatini, Kipolandi.
Weka alama moja. Kwa wino, si kwa penseli.
Mzazi atie sahihi. Irudishwe Ijumaa.

Baba yangu Silvio, masizi ya matairi yangali kuchani,
anasema Kifaransa kina heshima,
Kifaransa kinavaa koti refu,
ingawa Paris aliiona siku moja tu, tena ya mvua,
akaagiza supu kwa kidole.
Mwalimu Kretzschmar anasifu Kilatini:
kimekufa, ndiyo, lakini kimeacha urithi mnono,
madaktari na mahakimu hadi leo wanagawana.
Thekla ameshachagua, sasa ananicheka.
"Kipolandi utakwenda nacho wapi?
Hadi ng'ambo ya daraja, halafu?"

Daraja letu lina hatua mia moja na kumi na tatu.
Nimezihesabu.
Chini yake Neisse, rangi ya chai iliyosahauliwa.
Baba huvuka kila Jumamosi: petroli, sigara, kinyozi.
Miaka kumi na sita, kinyozi yuleyule
amemshika kichwa, akamgeuza kushoto, akamgeuza kulia,
na wote wawili wanazungumza Kimya,
lugha ambayo fomu haikuiwekea mraba.

Bibi Irmtraud hakupewa fomu.
Enzi zake walidungwa Kirusi darasa zima, kama chanjo.
Sasa yuko nyumba ya wazee, nyuma ya stesheni.
Jina la Baba limemponyoka, langu linakuja na kwenda,
lakini sentensi moja ya Kirusi imeng'ang'ania:
"Nani yuko zamu leo?"
anauliza kila asubuhi, kidole juu,
kana kwamba ubao haujafutwa.
Na Bogumiła, aliyevuka daraja saa kumi na moja alfajiri,
ambaye naye kwao alidungwa sindano ileile,
anamjibu kwa Kirusi, "Mimi, mwalimu,"
huku akimfunga vifungo vya sweta.

Kwangu huzungumza Kijerumani kilichopigwa pasi;
akichoka, kinakunjamana.
Ni kwenye vidonge tu ndipo anaporudi kwao.
Kijisanduku cha plastiki, vyumba saba,
Jumatatu hadi Jumapili, ananong'ona:
jeden, dwa, trzy,
hilo la tatu linakwaruza kama njiti ya kiberiti,
mpaka chumba cha mwisho. Kisha kifuniko: tak.

Niliweka alama Alhamisi usiku.
Baba aliitazama muda mrefu,
akatia sahihi bila neno,
akaacha kidole cheusi kando ya wino wangu.

Juni ikaja barua.
Kipolandi kimepata wanafunzi tisa, wanatakiwa kumi na wawili.
Kwa masikitiko umehamishiwa Kifaransa,
Jumanne na Alhamisi, chumba namba ishirini na nne.
"Haya, koti refu," akasema Baba, akitaka nicheke.
Nikacheka nusu.

Jioni hiyo nilikwenda kwa Bibi.
Bogumiła alikuwa anajaza wiki mpya.
Nikahesabu naye, kwa sauti.
Kwenye nne aliinua uso, ila mkono haukusimama.
Tano. Sita. Siedem. Kifuniko.
"Na baada ya saba?" nikauliza.

Akakitazama kijisanduku,
akakigeuza chini juu,
kama mtu aliyeambiwa wiki imeongezwa siku.
Bibi kitandani akanyoosha kidole chake,
hakuuliza kitu.

"Osiem," akasema Bogumiła, taratibu,
macho yakiutazama mdomo wangu.
"Rudia."