Tetri Ishirini

Lifti ya jengo letu hapa Rustavi hula sarafu.
Tetri ishirini kupanda. Kushuka ni bure,
kama kushuka kulivyo bure popote duniani.
Kisanduku chake kimepigiliwa usawa wa bega la mtu anayesimama,
na mimi sisimami tangu mwaka ule wa kiwanda cha chuma.
Kwa hiyo natembea na mwiko.
Natembea, nasema. Lugha haijanizoea bado.
Mwiko wa kukorogea maharagwe, nimeuchonga mfuo nchani,
sarafu hukaa humo, nami huunyosha juu
kama mtu anayewasha mshumaa asioufikia.

Usiku wa Jumamosi Kuu umeme ukakatika.
Ghorofa ya nane. Nimeshajifunga kitambaa kichwani,
kikapu magotini, mayai sita mekundu
niliyoyachemsha na mizizi Ijumaa,
na mlango wa lifti umefumba kama jiwe.
Nikasema, basi. Mungu ananiona hata jikoni.
Nilikuwa na maneno mazuri tayari, juu ya kuridhika.
Nusu yake niliyaamini.

Akabisha Otia wa ghorofa ya tano,
ananuka pombe ya maganda ya zabibu tangu Jumatatu,
na mwanawe Badri, na Jumber fundi viatu
ambaye hatujasemezana miezi saba
kwa ajili ya kamba ya kuanikia nguo,
na kijana mmoja wa ghorofa ya tatu nisiyemjua jina.
"Shangazi Lamara, shika mayai."

Wahubiri hupenda kusimulia wale wanne
waliotoboa paa. Husifu mikono, husifu kamba.
Yule wa mkekani hakuna anayemuuliza.
Basi niulizeni mimi.
Unaona dari za watu. Unaona utando wa buibui,
na ndani ya pua ya Jumber.
Kila kona roho inafika kooni.
Unaomba radhi kwa uzito wako
kana kwamba uliuiba mahali.
"Achia ukuta, shangazi," alisema yule kijana,
"unatuvuta nyuma."
Sikujua kwamba nimeushika.
Miaka yote nilidhani imani ni kushika.

Nikauachia.

Ghorofa ya nne Jumber aliomba tupumzike.
Gizani, akihema: "Ile kamba."
Nikasema, "Anika wewe Jumatano."
Maungamo yetu yalikuwa hayo, hayakuzidi.

Kanisani kuna ngazi tatu tena, na watu wamejaa.
Nilibaki nje, kando ya mlango.
Bibi mmoja, mshumaa mkononi, akaniinamia,
akatia sarafu mapajani mwangu,
akapiga ishara ya msalaba, akapita.
Tetri ishirini.
Uso wangu ukawaka kuliko mshumaa wake.
Nilitaka kumwita: mama, nina pensheni,
nina mwiko, nina jina!
Lakini kengele zilikuwa zimeanza,
kila mtu analia kwamba Amefufuka,
na mdomo wangu ukaitikia
kabla hasira haijaupa ruhusa.

Alfajiri. Teksi imenishusha, umeme umerudi.
Wanaume wangu wanne wamelala, au divai imewalaza.
Napekua pochi: hakuna sarafu ila ile.
Nacheka peke yangu mbele ya lifti.
Ndivyo unavyolipa nauli, Bwana? Kwa fedheha?
Naigeuza. Ni ileile iliyonichoma,
na bado ina thamani yake kamili.
Kisha nakumbuka: mwiko uko juu,
jikoni, kando ya sufuria.

Nakaa. Sarafu kiganjani,
yai moja limebaki, lina ufa.
Mtu atakuja.
Zamani nililitema neno hilo kama shubiri.
Leo nalirudia polepole, ulimi ukilionja: mtu atakuja.
Huko juu, labda ni ghorofa ya tatu, mlango unalia,
nyayo zinashuka, nyepesi, za kijana.
Safari hii nitamuuliza jina.