Viatu Ndani ya Bakuli

Mazigo alikuja akiisukuma baiskeli yake,
injini ya kufyekea majani imefungwa waya chini ya bomba,
na mkono wa kushoto kautia mfukoni.
Sikumwuliza. Huku Mabatini
mlima peke yake unatuuliza ya kutosha.
Baadaye aliutoa ashike spana:
gumba na cha shahada.
Vingine vilibaki kwenye mtambo wa kusaga barafu
mwaka ule wa sangara wengi.

"Klachi ya mkono siiwezi, fundi.
Nikifika relini nabana, inaponyoka,
nazimikiwa katikati ya barabara na maziwa ya watu,
wenye pikipiki wananitukana mpaka ukoo."

Nikamwambia, ipo klachi isiyoomba mkono.
Viatu viwili vimelala ndani ya bakuli la chuma,
springi imevifunga kama mbuzi kambani.
Injini ikitulia, vimelala.
Ukipiga resi, mzunguko unavirusha nje,
vinaukumbatia ukuta wa bakuli, gurudumu linakwenda.
"Kwa hiyo haishiki mpaka ipandwe na hasira?"
Ndiyo, Mazigo. Kama marehemu baba.

Shafti milimita kumi na tano, tundu kumi na tisa.
Nikaenda Nyakato kwa Ng'wandu, mwenye mashine ya kukereza,
akanikerezea bushi kwa shaba ya pampu kuukuu;
chenga zikamwangukia kwenye sandali
zikang'aa kuliko hereni zake.
Akapima, akapuliza, akapima tena.
"Ikilegea usinitaje."

Springi za kwanza zilikuwa laini.
Nimewasha, nimegeuka kuchukua tambara,
baiskeli ikajiondokea
polepole, kama mgeni asiyeaga,
ikalipita beseni la Kabula muuza dagaa,
ikaenda kugota kwenye jiwe.
Mwanza, ndugu yangu, ukikosa breki jiwe hulikosi.

Nikatia springi za breki ya pikipiki.
Ngumu! Injini ikalia,
Mazigo juu yake kakaza meno, hasogei,
mara ikashika kwa kishindo, ikaachia, ikashika,
lainingi ikanuka ugali wa chini ya sufuria,
bakuli likageuka buluu.
Kabula akasema, "Mrudishie tu hela yake."

Usiku ule umeme ulikatika.
Nilikaa na tochi ya simu na kile chuma
nikakigeuza, nikakigeuza.
Springi niziache, basi. Viatu ndivyo vyepesi.
Nikavitoboa mgongoni,
nikaomba risasi za nyavu kwa watu wa Mwaloni,
nikaziyeyusha kwenye kopo la maziwa ya unga,
nikamimina.
Uzito lazima ulingane, la sivyo vitatetemesha hadi meno,
kwa hiyo asubuhi nikagonga kwa jirani mnunua dhahabu.
"Risasi? Kwenye mizani yangu?"
Akacheka, lakini akapima, gramu kwa gramu,
mdomo wazi, kama mtu anayepima mali.
Bakuli nalo nikalipiga matundu manane lipumue.

Jumamosi, mlima wa Bugando, madumu mawili ya lita ishirini.
Nilimfuata kwa miguu nikihema.
Kona ya juu lori lilikuwa linashuka limejaa mchanga.
Akaachia moto.
Injini ikabaki inanguruma chini chini,
gurudumu kimya,
yeye kasimama, mguu mmoja chini, hakubana kitu.
Mkono wa kushoto ukakosa kazi.
Niliuona ukining'inia, haujui uende wapi,
kisha ukapanda taratibu
ukakuna sikio.

Lori likapita. Akapiga resi.
Akapotea nyuma ya mawe, maziwa yakigonga madumu.

Bado namdai elfu kumi na moja na mia tano.
Na yule wa dhahabu kila tukionana analalamika
kuwa mizani yake inanuka dagaa.