Nati ya Reli

Ubao wenyewe ulikuwa kifuniko cha kasha la asali,
miraba myeusi kwa mkaa, myeupe imeachwa mti mtupu.
Askari ni vizibo vya soda.
Farasi watatu wa kuchonga, wa nne kipande cha sabuni.
Ngome yake moja ilipotea mvua za mwaka juzi,
nafasi yake ikashikwa na nati ya reli,
ya kutu, aliyoiokota mwenyewe kwenye mataruma.

Nyamizi hushika zamu ya pointi, stesheni ya Tabora,
pale njia inapogawanyika, hii Mwanza, hii Kigoma.
Mimi ni karani wa mizani, chama cha tumbaku.
Robota likiwekwa nasoma, naandika;
mkulima akinuna namwonyesha mshale.
Hata sataranji niliijua kwa uzito:
malkia tisa, ngome tano, farasi tatu, askari moja.
Nilikuwa najumlisha mpaka usingizini.

Treni ya Kigoma ilichelewa, ndiyo desturi yake.
Taa ya kantini ikiwaka na kuzimika,
Nyamizi akainua ile nati
akala nayo farasi wangu,
farasi aliyelindwa, mchana kweupe wa macho yangu.

Nikamtazama. Labda usingizi wa zamu.
"Umeona lakini?" nikauliza, maana mimi si mwizi.
"Kula, karani."
Nikala. Kizibo cha pembeni kikaingia kati,
nati ikaanguka kiganjani mwangu, baridi,
na kichwani mshale ukapanda:
mbili zaidi. Mbili safi.

Sasa nisikilize, maana hapa hapakutokea kitu.
Hakuna radi. Hakuna mfalme aliyekimbizwa.
Yeye alisogeza kizibo kimoja, akanywa chai.
Mimi nikatafuta pa kupitishia utajiri wangu
nikakuta askari wangu wawili wamesimama uso kwa kisogo
katika njia moja, mmoja akimzibia mwenziwe,
hakuna wa kumlinda mwenziwe.
Farasi wa sabuni akaja kwa mwendo wake wa kupinda,
akakaa mbele yao, katikati kabisa,
mahali ambapo sikubakiwa na askari hata mmoja
wa kumwambia ondoka.
Akakaa. Kazi yake yote ilikuwa hiyo: kukaa.
Ngome zangu mbili, tano na tano,
zikawa mabehewa yaliyoachwa yadi,
yamejaa shehena, hayana reli.

"Kwa nini umenipa?" nikauliza hatua ya ishirini na sita,
jasho limeshanijua.
"Sijakupa. Nimemkatia farasi tiketi."

Sikupenda jibu. Nilitaka aseme jambo kubwa,
kutoa ni moyo, au subira na heri zake,
niliandike nyuma ya daftari la stakabadhi.
Nikamwuliza juu ya ile kazi ya Dodoma aliyoikataa,
mshahara mara mbili, nyumba yenye maji ndani,
mtaa mzima wa Kiloleni ukamwita mjinga:
je, nayo ilikuwa hivi, nati kwa farasi?
Akasema, "Zamu yako."

Saa tisa usiku kichwa cha treni kikanguruma upande wa Goweko.
Nikahesabu ubao mzima: vyangu bado vinazidi.
Nikahesabu tena, kama mkulima asiyeamini mshale.
Vinazidi.
Na kila nilichogusa kiliangusha kingine.
Nikamlaza mfalme wangu ubavu
katikati ya mali yake yote.
Nyamizi alishachukua taa, anatoka;
lazima mtu aigeuze njia.

Asubuhi nikaikuta nati mfukoni.
Kabla wakulima hawajafungua marobota
niliiweka juu ya mizani ya chama.
Mshale haukutikisika hata unywele.
Nikaandika sifuri,
nikaifuta, nikabaki na kalamu hewani,
nje foleni ikianza kupiga kelele.