Urefu wa Mkono

Visvaldis ameketi kwenye nyasi, goti lake jipya limenyooshwa
kama mtu anayeonyesha njia,
nami namletea vitu kimoja kimoja.
"Vizito chini. Vizito karibu na kiti.
Hema tezini. Blanketi ndani ya mfuko,
mfuko ndani ya mfuko, kamua hewa, funga, kamua tena."
Miaka kumi na tisa ameipakia kayaki hii
na hajaniuliza hata mara moja birika likae wapi.

Safari hii naenda bila yeye. Siku nne,
Strenči hadi Sigulda, nikiifuata Gauja inavyojikunja.
Daktari kasema: mwakani, labda.
Yeye kasema: "Nenda, Dzidra, mto haungoji goti."
Kisha akaongeza kamba. Na kamba nyingine.

Maji yana rangi ya chai iliyosahauliwa mezani.
Kafi kushoto, kafi kulia,
tone linateremka mpini, linaingia mkono wa shati,
linafika kwapani, baridi kama siri.
Adhuhuri nimeshajua kwamba mgongo una misuli
ambayo hatukuwahi kujuana.
Gatini mwanamke anasugua zulia kwa brashi.
"Peke yako?" ananiuliza.
"Na mzigo," namjibu, na mkondo unanichukua
kabla hajaamua kama acheke.

Jioni, ukingo wa mchanga chini ya misonobari.
Mbu wamekuja na ukoo mzima.
Nataka kisu. Kisu kiko omoni,
nyuma ya sufuria, nyuma ya nguo,
pale mkono wa Visvaldis hufika bila yeye kuinama.
Naingiza wangu hadi begani,
shavu limebanwa kwenye plastiki,
vidole vinapapasa: soksi, mkebe, soksi,
kitu chenye unyevu.
Mkate mweusi nimeurarua kwa meno.
Jibini pia.
Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Huu ulikuwa wangu, na bado ulikuwa wa mwenzangu.

Giza la Juni lilifika mlangoni mwa hema,
likaona haya, likarudi.

Asubuhi nikatoa vyote.
Vyote. Ufuo ukawa gulio:
sufuria mbili (kwa nini mbili?), kamba tatu,
kopo la misumari,
viatu vyake namba arobaini na tano, vilivyopanda kwa mazoea.
Nikaketi ndani ya kayaki tupu, nikanyoosha mkono,
na pale vidole vilipokoma
nikaweka kisu.
Pale kiwiko kinapokunja, birika.
Viatu nikavisukumia tezini, viwe uzito.
Kayaki ikakaa tofauti majini, ikavuta kushoto;
nikahamisha maharagwe, ikaacha.

Siku ya tatu sina mengi ya kusema.
Miamba ya mchanga, myekundu kama ndani ya mdomo.
Korongo mmoja kasimama kwenye kina kifupi,
hana mfuko wowote, ameshiba.
Nilipitia upande mbaya wa gogo, nikazunguka,
nikateremka mto kinyumenyume hatua mia,
nikitazama nilikotoka,
na hakuna aliyenikosoa.
Nikachemsha kahawa mara mbili kwa siku moja.

Chini ya daraja la Sigulda alikuwa amesimama kwa magongo.
"Maji yaliingia?"
"Kidogo."
Akaegemeza gongo moja, akainama, goti likalalamika,
mkono wake ukaingia omoni kutafuta birika,
ukaenda, ukaenda,
ukarudi na soksi.
Mimi nilikuwa nakunja kamba ya tatu,
kwa uangalifu kuliko inavyostahili kamba.
"Birika?"
Nikamwonyesha: hapo, ubavuni mwa kiti.
"Karibu hivyo?" akasema.
Akajaribu kulifikia mara ya pili, sasa polepole,
kiwiko kimekunjwa, bega limeinuka,
kama mtu aliyevaa shati la mkewe.