N au H

Newala maji hununuliwa kwa ndoo,
na mimi, katika chumba cha nyuma ya duka la fotokopi la Nandonde,
nanunua megabaiti kwa hesabu ileile:
za kunywa kwanza, za kufulia baadaye.

Saa nne usiku. Skrini nyeusi.
Kishale kinapepesa kama mtu anayesubiri chenji yake.
Naandika: sakinisha.
Neno zuri hili. Ndani yake mna sakini:
karibu, kaa, hapa ni kwako,
maji ya kuoga yapo.

Lakini mgeni wa huku haji peke yake.
Nimeita maktaba moja tu, ya kuchora grafu za mizani,
ikaja na mashemeji kumi na wanne,
na mmoja wao anadai
hawezi kulala chumba kimoja na toleo la zamani la binamu yake.
Asilimia arobaini. Arobaini na moja.
Ukungu umepanda kutoka bondeni, mtandao umekaa kitako.
Arobaini na moja.

Maktaba, nasema. Jirani alipouliza kazi yangu
mama alijibu, "Somoe yuko maktaba,"
jirani akaniletea kitabu cha baiolojia cha mwanawe, jalada limechanika,
nikibandike.
Nikakibandika.

Diski imejaa.
Kompyuta ni ya chama cha msingi, nilikabidhiwa kwa saini na muhuri,
na kesho ni malipo ya mnada wa pili,
wakulima mia tatu na sita.
Nikaanza kufagia.
Hii ya nini? Ondoa.
Hii je? Ondoa.
Na hii ndogo, kilobaiti kumi na mbili,
aliyeitunga hajaigusa miaka sita,
jina lake hata kulitamka siwezi.
Mashine ikauliza, kwa adabu ya karani:
Endelea? N au H.

N.

Asubuhi hati ya kwanza ikatoka bubu.
Kilo zipo. Bei ipo. Tarehe ipo.
Palipokuwa na "shilingi laki tisa na elfu arobaini tu"
peupe, kama fizi ya mtoto.
Bi Asumini Chipila akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele.
"Tarakimu zina mikia, mwanangu.
Sifuri huongezwa, sifuri huliwa.
Mimi nasomewa maneno.
Dole gumba langu siweki hapa."
Nyuma yake foleni nzima ikakaa chini, juu ya magunia matupu,
bila hasira, na hilo ndilo lililonitoa jasho.

Kumbe ni ile ndogo.
Mtu fulani, mahali nisipopajua,
aliwahi kukaa usiku akaifundisha mashine kusema
themanini na nane, laki tisa, milioni moja na nusu,
kwa Kiswahili, bila kuombwa,
akaiacha mlangoni kwa watu, hadai hata kodi.
Nami nikaitupa
ili nipate nafasi ya grafu.

Bando lilikuwa limebaki tone.
Sakinisha.
Sekunde mbili. Haikuuliza nilikuwa wapi.

Laki tisa na elfu arobaini tu.
Bi Asumini akasomewa mara mbili, akapaka wino kidole,
akaubonyeza kama anayefunga chungu kwa unga.

Jioni nikafungua orodha ya vitegemezi,
nikaweka alama ya reli mwanzo wa mstari,
mashine ipite, asome mtu:
Usiing'oe hii. Kuna mama anaisikiliza.

Nilipotaka kuzima, skrini ikasema
vifurushi saba vimebaki yatima,
hakuna tena anayevihitaji.
Viondolewe vyote? N au H.

H.

Nikavuta kiti karibu.
Haya, wewe wa kwanza.
Wewe ni wa nani?