Shimo la Mnong'onezaji

Kazi yangu ni kunong'ona. Nakaa shimoni mbele ya jukwaa,
ukumbi wa wachimba makaa, mji wa Karviná,
taa ndogo, mswada, chupa ya chai ya mnanaa.
Sioni nyuso. Miaka ishirini na sita nimeona viatu:
wafalme wenye soli zilizotoboka,
maharusi wenye soksi zisizolingana,
na baridi hii, maroboti saba ya mwalimu Lumír,
buti za mgodini zilizopakwa rangi ya fedha.

Lumír hufundisha fizikia. Tamthilia ni yake, ya kwanza,
mwaka ni elfu mbili mia mbili na kitu.
Alituamuru: "Roboti ni kitu. Semeni imesimama, imeanguka.
Atakayesema amesimama atalipa korona kumi."
Mkebe wa faini ulijaa kabla mwezi haujaandama.

Nimenong'ona hadithi nyingi za namna hii, mifupa yake naijua:
kwanza tunaipa mikono, maana yetu imechoka;
halafu sauti, ili ituitikie "ndiyo, bwana";
halafu usiku mmoja hatulali, tunasikiliza jikoni,
imenyamaza mno, inafikiri nini?
Ukurasa wa themanini inachukua kisu.
Sijaona hata moja iliyoanza kwa kuomba likizo.
Nani aliiambia habari za kisu? Nauliza tu.
Kalamu tulikuwa nayo sisi.

Zdislava wa duka la dawa alicheza bibi mwenye nyumba.
Mazoezini hakuweza kumpiga kofi Radovan;
mkono ukifika shavuni unageuka kupapasa.
Wakamvika Radovan ndoo ya bati kichwani
na kofi likatoka safi, likalia. Ukumbi ulicheka.
Hata mimi nilicheka, huko shimoni, chai ikanipalia.

Radovan Šustek: miaka thelathini na mmoja chini ya ardhi,
sikio la kushoto limeliwa na keekee.
Usiku wa tatu wa onyesho ulifika mstari wake:
"Sihisi kitu, bibi. Endelea."
Nikangoja. Nikanong'ona: "Sihisi kitu, bibi."
Buti hazikutikisika.
Nikanong'ona tena, kwa nguvu, hadi safu ya mbele
wakanisikia wote, isipokuwa ndoo.
Kimya. Kikohozi kule nyuma.
Kisha buti moja ikalegea,
kama ya mtu anayetafuta ukuta wa kuegemea gizani,
na kutoka ndani ya bati:
"Nimechoka."

Haikuwamo mswadani. Nilipekua kurasa kama mwizi.
Zdislava alikuwa ameinua mkono; mimi niliona kivuli chake sakafuni,
kikabaki pale, hakijui pa kwenda.
Na kutoka safu ya sita mwanamke mmoja,
mkewe, au mjane wa mwenzake, hadi leo sijui,
akasema kwa sauti ya jikoni: "Basi mpeni kiti!"
Kiti kikapita juu ya vichwa, mkono kwa mkono,
kikapita juu ya shimo langu.
Roboti akaketi.

Nyuma ya pazia Lumír alikuwa akitetemeka kwa hasira:
"Roboti haichoki! Ndiyo maana ya roboti!"
Radovan alikuwa akinawa kwenye beseni.
Fedha ilitoka kwa sabuni na mafuta ya taa.
Makaa hayakutoka: michirizi ya buluu chini ya ngozi,
pale mwamba ulipomchana mwaka ule
na kesho yake akaingia zamu.
"Mwalimu," akasema, bila kugeuka,
"habari zangu umeziandika vizuri. Umesahau kiti tu."

Walipoondoka nilirudi shimoni na kifutio.
Ukurasa wa arobaini na mbili. Herufi i ni nyembamba,
haina ubishi, inafutika.
Nikaandika a.
Zilibaki kurasa hamsini. Nikachonga penseli,
nikapapasa mfukoni,
nikatia mkebeni korona zote nilizokuwa nazo.