Sekunde Kumi na Moja

Jaribio la arobaini na moja.
Saa saba usiku, Oulu, mawingu yameshuka hadi kwenye paa,
na simu yangu imelala kifudifudi kando ya kibodi:
theluji ikianza, wataniita nikaendeshe greda,
na mganga akiondoka, vita imekwisha.

Msiiombe theluji, nawaambia wenzangu saba.
Veikka anacheka, huko Kemi. Kiwanda cha karatasi
kilimpa barua mwezi wa Oktoba; tangu hapo
yeye ndiye ngao yetu, hana pa kudamkia.

Sikilizeni, anasema, kwa mara ya mwisho.
(Mara ya mwisho hii ni ya tisa.)
Malkia wa Masizi akiinua mkono wa kushoto,
kimbilieni kulia kwake. Si kulia kwenu.
Tuure, umesikia? Kulia kwake.
Watoto wa utambi wakichomoza ukutani, waueni njiani;
kila mmoja atakayemgusa mama yake
atamrudishia damu ya dakika mbili za jasho letu.
Masizi meusi, yakanyageni tu.
Yenye ukingo mwekundu, ondokeni,
hata kama mshale umeshawekwa kwenye upinde.
Huo mshale mmoja umetuua mara kumi na nne.
Ninalo daftari.

Na akifumba macho
(hapa Veikka hushusha sauti, kana kwamba Malkia anasikia)
acheni. Msimguse.
Anayesema dawa ya moto ni moto hajakutana na huyu:
kila pigo analopokea amefumba
humrudia mpigaji maradufu.

Hilppa, anayefundisha darasa la pili,
alitutungia ya kukariri:

    Akifumba macho yake
    kila mkono ushuke,
    upinde usivutike,
    hesabu hadi kumi na

moja. Moja haikuenea kwenye mstari.
Tukaikariri hivyohivyo,
na ndiyo maana, jaribio la thelathini na tatu,
Tuure alifyatua kwenye kumi.

Tunaingia.
Sijui niseme nini kuhusu vita yenyewe.
Mganga haoni vita. Mganga anaona mistari minane ya kijani
pembeni mwa skrini, inapungua, anaijaza, inapungua.
Miezi mitatu napigana na huyu mwanamke
na uso wake sijawahi kuutazama.

Amebakiwa na damu kidogo kama mkia wa panya
ninapochelewa. Nilikuwa namjaza Veikka.
Ukingo mwekundu umenipita miguuni na mimi nipo chini,
kifudifudi kama simu yangu.
Saimi amekufa, anasema Hilppa. Saimi amekufa!
Nimesikia, nasema. Endeleeni.

Kisha, kwa kuwa sina tena wa kumponya,
nainua macho.
Kumbe ana jino lililomeguka.
Kumbe kope zake zina majivu, moja moja,
mtu fulani mahali fulani alikaa akazichora.
Anazifumba polepole,
kama mpishi wa zamu ya usiku anayejiegemeza ukutani.

Shusheni mikono, nasema kutoka sakafuni.
Moja. Mbili.
Kwenye nne Veikka anapumua kama farasi.
Kwenye saba mtoto wa utambi anamkaribia mama yake,
na hakuna anayethubutu.
Tisa. Kumi. Tuure,
nasikia kidole chako, kijana wangu, kiache.

Na moja.

Kelele zilizofuata zilimwamsha mama yake Tuure, Rovaniemi;
tulimsikia akiuliza nani kafa.
Tukapiga picha ya ushindi, saba wamesimama,
na mimi nimelala katikati ya viatu vyao.
Malkia akadondosha hazina yake moja:
zeze la dhahabu, la manju peke yake.
Sisi wanane, hatuna manju.

Hakuna aliyesema kitu.
Simu ikaanza kutetemeka, ikijisogeza yenyewe kuelekea ukingo wa meza.
Dirishani, chini ya taa ya barabara, nyeupe tupu.
Natafuta buti la kushoto kwa mguu,
vipokea sauti bado viko masikioni,
na Tuure anauliza, kwa upole,
zeze kama hili linauzwa bei gani.